Jina la Mfadhili Limtoshe Jaji

Kuna hoja inayopita kwa wanasheria, wabunge na wahariri bila kuulizwa maswali, kwa sababu inanukia usafi. Inasema hivi: kila anayelipia kesi ya madai isiyo yake atajwe hadharani, mkataba wake na mdai uwekwe wazi, na mdaiwa aupate mkononi tangu hati ya madai inapopokelewa masjala. Asiye na la kuficha anaogopa nini? Mpiga debe wake mkuu duniani ni Chemba ya Biashara ya Marekani, ambayo imeipigania kwa miaka mingi. Hapa kwetu Tanzania hoja hiyo imekutana na shaka ya siku nyingi kwamba mvuvi au mwanakijiji anayethubutu kuishitaki kampuni kubwa hakuja kwa miguu yake, ametumwa. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Ni kweli vimeundwa, na sioni aibu ya jambo hilo. Kesi yenye wakili mzuri, mtaalamu wa maabara na vielelezo vilivyopangwa imegharamiwa na mtu, na mara nyingi mtu huyo si mdai. Nakubali nusu ya hoja hiyo: mahakama inapaswa kumjua mlipaji. Nusu ya pili, kwamba mpinzani wako naye ana haki ya kuhesabu fedha zako kabla hamjasikilizwa, naikataa, na ndiyo inayopendwa zaidi.

Tuanzie karibu. Machi 2022 maji ya Mto Mara, unaomwaga katika Ziwa Victoria hili hili linalopiga ufukwe wa Butimba, Mwanza, yaligeuka meusi na samaki wakafa. Serikali iliunda kamati ya kitaifa, nayo ikasema chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza. Huenda kamati ilikuwa sahihi. Wengi hawakuamini, na asiyeamini katika nchi ya sheria ana mlango mmoja wa heshima: afungue shauri la madai, alete wataalamu wake wahojiwe na upande wa pili, jaji apime. Kwa karatasi mlango huo uko wazi kwa kila mtu. Ada ya kufungua shauri si kikwazo kikubwa. Kikwazo ni sampuli za maji na tope zinazotakiwa kuchukuliwa mapema kabla mto haujajisafisha, maabara ambayo mahakama itaiamini, mtaalamu wa kusimama mbele ya mawakili wa kampuni inayoshitakiwa na kuhojiwa siku nzima, na wakili wa kukaa na jalada hilo miaka mitatu au minne huku akijua mteja wake anauza dagaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imefanya jambo jema kwa kuwapa wasaidizi wa kisheria nafasi rasmi, lakini haikutungwa kubeba mzigo wa aina hii, na hakuna bajeti ya umma inayoubeba.

Matokeo ya pengo hilo yanaonekana kwa jirani zetu. Aprili 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua shauri la wanakijiji 1,826 wa Chingola, Zambia, dhidi ya kampuni ya Vedanta, kuhusu uchafuzi wa maji uliodaiwa kutoka mgodi wa shaba wa Nchanga. Majaji walikiri kwamba kwa kawaida mahali pa kesi hiyo ni Zambia: mto uko huko, mashahidi wako huko, sheria ni ya huko. Waliiruhusu ibaki London kwa sababu moja: hatari ya wadai kukosa haki huko. Wadai walikuwa maskini mno, sheria ya Zambia haikuruhusu wakili alipwe kutokana na ushindi, na hapakuwa na timu ya mawakili yenye uwezo wa kuibeba kesi kubwa namna hiyo. Uadilifu wa majaji wa Zambia haukuhojiwa hata kidogo. Sisi tuna hadithi yetu: wanavijiji wa Nyamongo waliodai fidia kwa vifo na majeraha katika mgodi wa North Mara walipeleka shauri London mwaka 2013, likaisha kwa makubaliano 2015, wengine walikwenda Ontario mwaka 2022, na Novemba 2024 jaji wa huko akasema mahakama yake haina mamlaka. Wakati huohuo sheria yetu ya 2017 kuhusu mamlaka ya nchi juu ya maliasili inataka migogoro ya rasilimali iamuliwe na vyombo vya hapa nyumbani. Nauunga mkono msimamo huo bila kusita. Lakini anayeushikilia, kisha akamtisha kila anayetaka kulipia kesi ya mwanakijiji hapa nyumbani, anamfungia mwanakijiji huyo milango yote miwili.

Sasa ushahidi ambao wapenda uwazi wote wanadhani uko upande wao. Mwaka 2017 Tanzania ilibadili Sheria ya Madini ikafuta leseni za kuhodhi maeneo, na kanuni za Januari 2018 zikamaliza kazi. Kampuni tatu za nje zilikwenda kwenye kituo cha Benki ya Dunia cha kusuluhisha migogoro ya uwekezaji, ICSID: Winshear kwa mradi wake wa dhahabu kusini magharibi, Indiana Resources na wenzake kwa nikeli ya Ntaka Hill, Nachingwea, na Montero kwa madini adimu ya Wigu Hill, Morogoro. Zote tatu zilikuwa na wafadhili wa kesi. Winshear ililipiwa na Delta Capital Partners, Indiana na Litigation Capital Management, Montero na Omni Bridgeway. Na je, majina hayo yalifichwa? Hayakufichwa hata kidogo. Kampuni hizo zimeorodheshwa kwenye masoko ya hisa ya Kanada na Australia, na zilitangaza wafadhili wao kwa mbwembwe. Serikali yetu ilijua inapambana na nani tangu mapema. Oktoba 2023 ilikubali kuilipa Winshear dola milioni 30. Julai 2023 baraza liliwapa Indiana tuzo ya zaidi ya dola milioni 109, na mwaka mmoja baadaye wakakubaliana milioni 90. Novemba 2024 Montero ikachukua milioni 27. Jumla ni dola milioni 147 za mlipa kodi, yule wa Butimba akiwemo, na kujua jina la mfadhili hakukupunguza hata senti moja. Kilichotuponza ni namna tulivyofuta leseni, na hilo lilikuwa wazi kwa kila mtu kabla mfadhili yeyote hajatia mkono mfukoni.

Katika mkasa huo kuna somo ambalo sijaliona likijadiliwa. Kampuni zile zilitangaza wafadhili wao kwa sababu tangazo lenyewe ni silaha. Linamwambia mdaiwa kwamba mdai ana mfuko mrefu, hachoki, na kuna mwekezaji makini aliyeipima kesi akaona inalipa. Kwa mwenye nguvu, uwazi ni matangazo ya biashara. Mgeuze mdai awe chama cha wavuvi wa ghuba ya Mwanza, mfadhili awe mfuko mdogo uliotenga kiasi fulani na kuweka sharti kwamba hautalipia rufaa, kisha mkabidhi wakili wa kampuni mkataba huo siku ya kwanza. Amejua nini? Amejua tarehe ambayo mpinzani wake ataishiwa. Kila anayefuatilia mashauri yetu anajua kinachofuata: pingamizi la awali, likikataliwa jingine, maombi madogo ndani ya shauri, ahirisho kwa sababu wakili yuko Mahakama ya Rufani, mpaka kiasi kilichoandikwa kwenye mkataba kiishe. Hakuna kanuni atakayokuwa ameivunja. Sheria moja ya uwazi, ikitumika kwa wote sawasawa, inampa mkubwa tarumbeta na mdogo jeraha.

Hatari hiyo imekwisha kuonekana kwa wenzetu. Tarehe 26 Julai 2023 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika shauri la PACCAR, iliamua kwamba mikataba mingi ya ufadhili wa kesi ilikuwa imeandikwa kwa namna isiyokubalika kisheria. Wafadhili waliiandika upya. Wadaiwa wakubwa, Apple, Sony, Visa na Mastercard miongoni mwao, wakageukia mikataba mipya na kuishambulia, na hadi Mahakama ya Rufani ya huko inawakatalia Julai 2025, karibu miaka miwili ilikuwa imepita watu wakibishana kuhusu karatasi za mfadhili badala ya madai ya wateja. Kwetu ugomvi wa pembeni ungekuwa rahisi zaidi kuanzishwa. Tulirithi sheria za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na wakati huo kumlipia mtu kesi ili ugawane naye ushindi kulikuwa kosa la jinai. Waingereza walilifuta kosa hilo mwaka 1967. Sisi hatujawahi kukaa chini tukasema waziwazi kama mabaki yake yanatuhusu katika mikataba. Mdaiwa anayepewa mkataba wa ufadhili leo anapewa, bila malipo, kesi ya pili ya kupigana kabla ya ile ya kwanza. Mahakama ya Rufani ya Afrika Kusini ilimaliza jambo hili mwaka 2004 kwa kusema ufadhili wa aina hiyo si haramu, na Nigeria imelitungia sheria ya usuluhishi ya mwaka 2023, ikiruhusu ufadhili na kutaka jina na anuani ya mfadhili. Jina na anuani. Hata ICSID, ilipobadili kanuni zake kuanzia Julai 2022 baada ya majadiliano ya miaka kadhaa na nchi wanachama, nyingi zikiwa ndizo zinazoshitakiwa huko, haikudai mkataba mzima kwa kila shauri. Ilidai jina na anuani, na majina ya wanaommiliki mfadhili akiwa kampuni, ikaliachia baraza uwezo wa kuuliza zaidi pale panapohitajika.

Zaidi ya hayo, ufadhili wa kesi si mgeni nchini. Umezoeleka mpaka hauonekani. Daladala ikimgonga mtu Nyegezi, na aliyeumia akashitaki, anayelipa wakili wa utetezi mara nyingi si mwenye gari. Ni kampuni ya bima. Ndiyo inayochagua wakili, ndiyo inayoamua kama mtapatana au mtapelekana mpaka hukumu, na chini ya Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, ndiyo inayolipa hukumu ikitoka. Jina lake aliyeumia anaweza kulijua. Mkataba wake na mwenye gari hakabidhiwi, wala hatuoni magazeti yakisema dereva ametumwa. Na bima inashitaki pia. Ghala la mfanyabiashara likiungua kwa uzembe wa jirani, bima inamlipa mfanyabiashara, kisha inamfuata jirani mahakamani kwa jina la mfanyabiashara na kuzichukua fedha. Hukumu inasomeka kana kwamba kampuni ya bima haipo duniani. Ikiwa uwazi kamili ni kanuni ya haki na si fimbo ya kumpigia mtu fulani, ungeanza hapo. Sijawahi kusikia mtetezi wake mmoja akiutaka hapo.

Watajibu, na jibu lao lina uzito kidogo, kwamba Marekani inamlazimisha mdaiwa kutoa mkataba wake wa bima kwa mdai tangu mwanzo wa kesi, kwa hiyo ni haki mdai naye atoe wa mfadhili wake. Ulinganifu huo ni wa sura tu. Mdai anaonyeshwa bima kwa sababu yeye ndiye atakayekuja kukusanya. Akijua kuna fedha za kulipa hukumu, na kiasi gani, ni rahisi kupatana. Mdaiwa hakusanyi chochote kwa mfadhili wa mdai, isipokuwa jambo moja: gharama za kesi. Huko Marekani kila upande hujilipia, kwa hiyo hata hilo halipo. Hapa kwetu lipo, kwa sababu anayeshindwa kwa kawaida humlipa mshindi, na mdaiwa aliyeshitakiwa bure ana haki ya kuuliza atalipwa na nani. Ni swali halali, na jibu lake halihitaji mkataba. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai tayari kinampa jaji uwezo mpana wa kuamua gharama zilipwe na nani, na Amri ya XXV inaruhusu mdai asiyeishi nchini na asiye na mali isiyohamishika hapa atakiwe dhamana. Mfadhili ajulikane kwa jaji, ajue kwamba mkono wa mahakama unaweza kumfikia, basi.

Hoja ya fedha za nje inanichosha, lakini haikwepeki. Maji yanayosafishwa katika chanzo kipya cha Butimba yametoka kwenye mradi uliogharamiwa kwa mikopo ya Benki ya Uwekezaji ya Ulaya na Shirika la Maendeleo la Ufaransa, na watu wanayanywa. Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki cha Mwanza, moja ya majengo sita yaliyozinduliwa mwaka 2021, kimejengwa kwa mradi wa Benki ya Dunia. Hakuna anayesema hukumu zitolewazo humo zina harufu ya Washington. Mashirika yasiyo ya kiserikali yanayosaidia wadai tayari yanabanwa na kanuni za mwaka 2018, ambazo zinataka yatangaze vyanzo vya fedha zao na kuwasilisha serikalini mikataba inayozidi shilingi milioni 20. Hofu ikiwa ni adui wa nje, kuna Msajili wa mashirika hayo anayeona. Kinachoongezwa na hoja ya uwazi kamili ni mdaiwa binafsi kuona pia, na huyo hana jukumu lolote la usalama wa taifa.

Hoja nzito ya upande wa pili ni Nigeria. Kampuni ya P&ID ilipata tuzo ya usuluhishi ambayo pamoja na riba ilifika dola bilioni 11 kwa mradi wa gesi ambao haukujengwa, na nyuma yake alikuwepo mwekezaji, VR Capital, aliyenunua sehemu ya kampuni hiyo. Oktoba 2023 jaji wa London aliibatilisha tuzo hiyo kwa udanganyifu. Wanaoitaja kesi hii hutaka tuamini kwamba kumulika wafadhili kungeiokoa Nigeria mapema. Mwekezaji alijulikana muda mrefu kabla, na Nigeria ilizidi kuzama. Kilichoiokoa ni kumbukumbu za benki na nyaraka zilizoonyesha hongo na uongo, ambazo ilizifukua kwa msaada wa mahakama za Marekani. Udanganyifu hukamatwa kwa kufuata ushahidi wa kesi. Tena upo katika kesi zinazolipiwa na wenyewe kama ulivyo katika zile za kulipiwa, na hakuna anayependekeza kila tajiri anayeshitaki aonyeshe taarifa yake ya benki.

Kuhusu ulafi wa wafadhili, hapo sina ubishi, ila ninabishana na dawa inayopendekezwa. Wasimamizi 555 wa posta za Uingereza, waliosingiziwa wizi kwa makosa ya mfumo wa kompyuta wa Horizon, waliishitaki Posta kwa fedha za mfadhili Therium. Desemba 2019 walipatana kwa pauni milioni 57.75, na baada ya mfadhili na mawakili kuchukua chao zikabaki takriban milioni 12 za kugawana. Inauma. Lakini bila Therium pasingekuwa na hukumu iliyofichua kashfa yenyewe, na kumwonyesha mdaiwa mkataba kusingeongeza pauni hata moja kwa wadai. Posta ingefurahi tu kujua wana pumzi kiasi gani. Kinachotakiwa ni jaji kulikagua fungu la mfadhili mwishoni, fedha zikiwa mezani na mpinzani ameshaondoka, na kulipunguza likizidi mno. Huo ndio ulinzi wa mdai, na umesahaulika na watu wanaosema wanamhurumia.

Linabaki suala la nani anaamua, na hapa wapinzani wangu wameona vizuri kuliko marafiki zangu. Mfadhili anayeweza kumzuia mdai asipatane si mfadhili tena, amekuwa mdai. Kampuni ya vyakula ya Sysco huko Marekani iligombana hadharani na mfadhili wake Burford mwaka 2023 kwa sababu hiyo hasa: Sysco ilitaka kupatana na wauzaji wa nyama iliowashitaki, Burford ikakataa. Mahakama ikiwa gizani kuhusu hilo, hata kikao cha usuluhishi ni mchezo wa kuigiza, maana aliyekaa mezani hana mamlaka ya kusema ndiyo. Mahakama ya shirikisho ya New Jersey ililiona, na kanuni yake ya mwaka 2021 inataka jina la mfadhili, kama idhini yake inahitajika katika maamuzi ya kesi au mapatano, na maelezo mafupi ya maslahi yake. Ningechukua mambo mawili ya kwanza na kuacha la tatu.

Kwetu hilo halihitaji hata kusubiri Bunge. Jaji Mkuu, kwa ridhaa ya Waziri, ana uwezo wa kurekebisha Jedwali la Kwanza la Sheria ya Mwenendo wa Madai, kama ilivyofanyika mwaka 2019. Kanuni moja inatosha, yenye fomu ya maswali matatu ya kujazwa kwa kiapo na kuwekwa kwa jaji katika bahasha iliyofungwa: nani mwingine analipia shauri hili, ili jaji mwenye undugu au hisa naye ajitoe, je, idhini yake inahitajika ili mpatane, na je, yuko tayari kubeba gharama mkishindwa. Jaji akiona sababu ya kumwonyesha mpinzani sehemu ya majibu, aandike sababu hiyo, na irufaniwe. Fomu hiyo aijaze mdai na aijaze mdaiwa, iwe ni mvuvi, mgodi, halmashauri, au mwenye daladala ambaye wakili wake analipwa na bima.